Bei Huria Niliyoipigania Ilimwacha Dada Yangu Barabarani

Nimekosa, ndugu zangu. Nimekosa na sina pa kuuficha uso wangu. Kabla hamjasoma nawaomba kitu kimoja tu: msinitafutie sababu. Nimetafutiwa sababu na watu wema mpaka nimechoka, na kila anayenipa pole ananitonesha kidonda.

Jina langu sitaji. Kama wewe ni mtu wa Mikumi na unapanda magari ya Kilosa, huenda umewahi kukaa kiti changu cha mbele tukapiga soga njia nzima. Mimi ni dereva wa Noah, gari ni langu mwenyewe, na mdomo wangu unajulikana stendi yote. Mdomo huo huo ndio ulionifikisha hapa.

Nina mdogo wangu mmoja tu wa kike, nimwite Mwajuma. Mama yetu alipofariki, Mwajuma alikuwa hajaanza hata shule. Nimembeba mgongoni, nimempikia uji, na siku ya ndoa yake mimi ndiye niliyekaa mbele ya shehe kama walii wake, nikamkabidhi kwa shemeji yangu Hamisi. Wakaenda kuishi Zombo, njiani ukielekea Kilosa.

Mimba yake ya kwanza iliishia kwenye kisu na mtoto hakupona. Baada ya hapo akakaa miaka bila kitu. Miaka, jamani! Mawifi wanamtazama tumbo kila wakimsalimia. Hatimaye akashika mimba nyingine, na nesi wa kliniki akamwambia waziwazi: wewe usithubutu kuzalia nyumbani, ukisikia dalili yoyote kimbilia Kilosa kwenye upasuaji.

Akanijia stendi, tumbo limeshatokeza, anacheka peke yake. "Kaka, siku ikifika utanipeleka?"

"Wewe nipigie tu," nikamwambia. "Nitawashusha abiria wote njiani nije kukuchukua."

Nilisema hivyo. Wallahi nilisema hivyo na nilimaanisha!

Sasa niwaeleze dhambi yenyewe ilianzia wapi.

Magari yetu yalikuwa na bei elekezi. Tulijipangia wenyewe pale stendi, wenye magari wote tukakubaliana. Nauli moja kwa kila gari, jua liwake au mvua inyeshe. Magari yanapanga foleni, la mbele likijaa linaondoka, linasogea linalofuata. Halafu kulikuwa na gari la mwisho, na hili nataka mlielewe vizuri.

Gari la mwisho liliondoka baada ya adhana ya alasiri, lijae lisijae. Kila dereva alikuwa na siku yake ya kuliendesha. Sisi wengine tuliokwisha kupata abiria tulimchangia kidogo, tukauita mchango huo mafuta ya zamu, ili mwenzetu asiende kwa hasara. Namba ya simu ya gari la mwisho walikuwa nayo vijijini kote, kijiji kiitwacho Ulaya, Zombo na huko mbele, kwa ajili ya wagonjwa. Wakipiga, dereva wa zamu anapita kumchukua mgonjwa mlangoni kwa nauli ile ile ya kila mtu, na kama hana, atalipa akipona.

Mimi nililichukia gari la mwisho! Zamu yangu ikifika naamka nimenuna. Naenda na bibi mmoja na mbuzi wake, narudi mtupu, na hapo nimetoka kuweka viti vipya na muziki wa maana. Nikawa najiuliza, kwa nini mimi mwenye gari zuri nitoze sawa na mwenye kopo linalotoa moshi mpaka ndani?

Sisemi utaratibu ule haukuwa na kasoro. Kulikuwa na watu wanasogezwa mbele ya foleni kwa kujuana, na kuna magari hata mimi nisingempandisha adui yangu. Lakini hayo yalikuwa ya kurekebisha. Mimi sikutaka kurekebisha, nilitaka kuvunja.

Mwenyekiti wetu alikuwa mama mmoja, tumwite Mama Kabula. Mjane, Msukuma, alikuja huku na mumewe na ng'ombe wao. Mume alipofariki akauza ng'ombe akanunua Noah mbili. Mwanamke mkali, anahesabika kama wanaume watatu. Kila asubuhi nilikuwa nampa shikamoo yake kwa heshima zote.

Siku ya kikao nikasimama. Nilikuwa nimeshawazungukia madereva vijana mmoja mmoja.

"Nchi nzima sasa hivi ni soko huria," nikasema. "Nyanya ina bei huria! Mkaa una bei huria! Chumba cha gesti pale barabarani kila mtu anapanga bei yake. Sisi tu ndio tumefungwa kamba. Mwenye gari zuri atoze anavyotaka, mwenye gari bovu ashushe. Abiria na dereva waelewane wenyewe. Ubaya uko wapi?"

Vijana wakapiga makofi.

Mama Kabula akaniangalia. "Haya, baba. Na gari ya mwisho ataendesha nani?"

"Ataendesha atakayeelewana na abiria!"

"Na mgonjwa wa Zombo? Ataelewana na wewe kwa nguvu gani?"

Hapo ndipo nilipotamka lile neno la kukosa adabu. Nikamwambia, "Mama Kabula, hapa siyo zizini. Rudi ukachunge ng'ombe, magari tuachie wenyewe!"

Watu wakacheka mpaka wengine wakashika matumbo. Mama yule ana umri wa kunizaa! Akachukua pochi yake, akatoka, na mikono ikanyooshwa, bei ikawa huria.

Kesho yake nikaandika kwenye kioo cha nyuma kwa herufi kubwa: BEI NI MAELEWANO. Chini yake nikaweka namba yangu ya simu.

Mwanzoni abiria walitupenda sana. Tulishusha bei! Mimi nikishusha, mwenzangu anashusha zaidi, mimi nashusha tena. Tukawa tunanyang'anyana watu, huyu anavuta mkono, yule anavuta begi. Mama mmoja alichaniwa mfuko wake wa mchele katikati ya stendi, mchele ukamwagika wote, na sisi tunatukanana juu ya kichwa chake.

Wenye magari ya zamani hawakuweza kustahimili. Nauli ile haikutosha mafuta, sembuse tairi. Mmoja mmoja akahama, wengine wakaenda barabara kuu ya Iringa, wengine wakakodishwa kubeba vibarua wa miwa kule Ruaha. Mama Kabula akauza Noah zake zote mbili. Nilipomwona mnunuzi anaondoka na ile ya pili nilijisikia nimeshinda, jamani. Nilifurahi!

Tukabaki wachache, na tukiwa wachache tukapandisha. Mvua za vuli zilipoanza na tope likakolea, kila mtu akataja bei anayoijua yeye. Mwalimu anataka kurudi kituoni kwake, unamtazama viatu, unataja bei. Mtu ana msiba, unaisikia sauti yake imekauka, unaongeza. Wengine walilala kwenye mabaraza ya maduka hapo Mikumi kwa kushindwa nauli ya kurudi kwao. Gari la mwisho likafa, na hakuna aliyelitangazia msiba.

Mwajuma aliniambia. Alikuja kununua nguo za mtoto, akasema kwa upole, "Kaka, watu wa Zombo wanakusema vibaya."

"Waache waseme. Kwani wewe nakutoza?"

"Mimi hunitozi."

"Sasa shida yako nini?"

Akazikunja nguo za mtoto akazitia mfukoni. Nikamrudisha bure mpaka kwake, nikajiona ndugu mwema kweli kweli.

Sasa ile siku.

Mvua ilianza asubuhi. Alasiri ilikuwa imeshaadhiniwa, mimi nimekaa kibanda cha chai kando ya barabara kuu, napatana na watu waliovaa vizuri, wameshuka kutoka Iringa. Walikuwa wanawahi harusi Kilosa, na walitaka gari zima, wakae kwa nafasi. Nikawatajia bei ya kufuru. Wakatazamana, nikaona watakubali.

Simu ikaita. Namba ngeni, sauti ya mwanamke.

"Kaka, samahani, namba nimeitoa kwenye gari lako. Tuna mgonjwa huku Zombo, mjamzito, hali yake siyo nzuri. Tunaomba gari mpaka Kilosa."

Zombo. Nisiwadanganye, jina la Mwajuma lilinipitia kichwani. Likapita! Nikajiambia, huyo siku zake bado, na angekuwa yeye angepiga mwenyewe. Sikujua umeme Zombo ulikatika tangu jana yake na simu ya Mwajuma imezima. Sikujua Hamisi alikuwa Ruhembe kukata miwa. Lakini ningeweza kuuliza. Neno moja tu!

Nikamtajia bei. Nikaizidisha, kwa sababu ya tope na kwa sababu wale wa harusi walikuwa wananisikiliza, nikataka wajue gari langu linagombewa.

"Yesu wangu! Kaka, hatuna kiasi hicho. Lakini hebu nisikilize, huyu mama ni..."

"Dada, sitaki historia, nataka bei. Mkielewana huko nipigieni."

Nikakata simu. Akapiga tena, nikaikata. Akapiga tena, nikaizima kabisa ili nisisumbuliwe na kazi yangu.

Wale wa harusi wakalipa. Tukaondoka.

Njia ya Kilosa inapita Zombo, mnajua. Hakuna nyingine. Mvua inamwagika, muziki umefunguliwa, wanacheka nyuma na mimi nacheka nao. Pale Zombo kuna kibanda cha bati kando ya barabara. Nikaona wanawake wamesimama, wameshika khanga juu ya mtu aliyekaa chini. Mmoja akakimbilia barabarani akapunga mikono yote miwili.

Mzee mmoja wa harusi akauliza, "Vipi hao, wana shida gani?"

"Abiria hao, mzee. Tumejaa."

Viti vilikuwa vitupu, ndugu zangu. Walikodi gari zima wakae kwa nafasi, viti viwili vilikuwa na mabegi! Nikapiga honi, nikawamulika taa, nikapita. Tope liliwarukia, nililiona kwenye kioo.

Nilipowafikisha Kilosa nikawasha simu ili nitafute abiria wa kurudi nao. Simu ya Hamisi ikaingia hapo hapo, analia. Mwanaume mzima, analia.

"Shemeji, uko wapi? Nimekutafuta mpaka basi! Mwajuma amezidiwa. Wamemsaidia watu wa lori la mbao, wanamleta Kilosa. Mimi niko Ruhembe huku, sina usafiri. Wahi wewe, shemeji, wewe ndiye baba yake."

Nilifika hospitali kabla ya lori. Nilisimama getini nikamwona dada yangu anashushwa kutoka juu ya mbao, amefunikwa turubai, khanga yake imelowa na siyo kwa mvua. Alikuwa hajitambui. Wakamkimbiza ndani.

Daktari alipotoka alinivuta pembeni. Kovu la ule upasuaji wa kwanza lilichanika njiani. Mtoto, wa kiume, alikuwa ameshafariki tumboni. Kizazi wamelazimika kukitoa ili wamwokoe mama.

"Angefika mapema kidogo tungewapata wote wawili," akasema. "Mlikosa usafiri?"

Nikamjibu, "Ndiyo, daktari. Usafiri wa huku ni mgumu sana."

Nilimjibu hivyo! Ewe Mola, nilimtazama machoni nikamjibu hivyo!

Kesho yake Mwajuma akafumbua macho. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi kando ya kitanda. Midomo imekauka, sauti haitoki, lakini mtoto niliyemlea mwenyewe hakusahau adabu.

"Shikamoo, kaka."

Nikamshika mkono.

Akatazama dari, akasema polepole, "Nilikuona jana."

Nikauachia mkono wake.

"Jirani alikuwa anahangaika na simu, mimi nikamwambia asihangaike, kaka atapita. Nilipoliona gari nikawaambia, si mnaona, huyo kaka amekuja. Nikauchukua mfuko wangu wa nguo za mtoto. Nikasimama, kaka. Nilikuwa siwezi kusimama, lakini nikasimama."

Nilianguka pale sakafuni. Nililia mpaka mama wa kitanda cha pili akamwita nesi.

Mwajuma akangoja nesi aondoke. "Usimwambie Hamisi," akasema. "Hatakuacha hai, na mimi nitabaki na nani?"

Hamisi mpaka leo hajui. Tulimzika mtoto Zombo, mimi ndiye niliyeshuka kaburini kumpokea kwenye sanda yake. Hamisi akanikumbatia mbele ya watu, akasema, "Asingekuwa shemeji yangu, sijui ningefanya nini." Watu wakaitikia. Mimi nikatazama mchanga.

Jirani aliyepiga simu alikuwa msibani. Ananijua sauti. Kila akinimiminia chai anatazama pembeni.

Nimejaribu kurekebisha, jamani. Nimekwenda stendi nimewaomba wenzangu turudishe nauli moja, turudishe mafuta ya zamu, turudishe gari la mwisho. Wakanicheka. "Si wewe uliyetufundisha? Leo umeshiba unataka kutufunga kamba?" Hawajui kilichonipata, na siwezi kuwaambia.

Nilikwenda kwa Mama Kabula. Nilimpigia magoti mlangoni, nikampa shikamoo, nikamwomba msamaha wa lile neno la ng'ombe na nikamwomba arudi awe mwenyekiti.

"Marahaba," akaitikia. "Hilo la ng'ombe nimeshasamehe. Lakini gari zangu niliuza, mwanangu. Na wale wenye magari waliohama wameshazoea huko waliko. Utarudisha na nani?"

Kuvunja tulivunja siku moja kwa kunyoosha mikono. Kujenga nazunguka mtaa kwa mtaa na hakuna anayenifungulia mlango.

Siku hizi gari la mwisho ni mimi peke yangu, kila alasiri. Natoza nauli ile ya zamani, wagonjwa nawapitia majumbani, mafuta najitilia mwenyewe. Simu siizimi. Lakini gari moja halitoshi barabara nzima! Juzi nimepigiwa na watu wa Ulaya mimi niko Kilosa, nikawapigia wenzangu watatu waliokuwa Mikumi wamepaki. Kila mmoja aliniuliza bei. Nililia njia nzima, na sijui yule mgonjwa waliishia naye wapi.

Mwajuma amerudi kwake. Nikipita namletea mkate, ananipokea kwa mikono miwili, ananisalimia, ananiuliza habari za safari. Mfuko wa nguo za mtoto anao bado, umening'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Hatanitukana kamwe, nalijua hilo, na ndilo linalonimaliza. Ningetukanwa ningepata pa kupumulia.

Wachache wanaojua nusu ya habari, kwamba nilipigiwa simu nikakataa, wananiambia, "Usijilaumu, laiti ungejua ni yeye!" Hapana! Niacheni! Nilijua vya kutosha. Nilijua ni mwanamke, ni mjamzito, hali yake mbaya, yuko Zombo na mvua inanyesha. Kilichobaki kujua ni kama ananihusu.

Na liko jambo ambalo sijamwambia hata Mwajuma. Angekuwa dada wa mtu mwingine pale kibandani, leo nisingekuwa naandika haya. Ningekuwa stendi nawasimulia vijana jinsi nilivyowapiga bei watu wa harusi.

Kwa hiyo wewe mwenye gari, wewe mwenye bajaji, wewe wa bodaboda, unayesema bei ni yako na mali ni yako, nakuomba kwa machozi haya. Simu ikilia wakasema wana mgonjwa, usingoje wakutajie jina. Washa gari.